Saa Tano Mpaka Saa Saba

Usukani unakwenda saa tano mpaka saa saba
kabla gurudumu halijapata habari.
Hapo katikati pana saa mbili nzima za hewa,
na ndani ya hizo saa mbili, njia ya Sinaw kwenda Mahut,
lori la samaki lilinijia usoni
na gari likafikiri kwanza, ndipo likageuka.

Baba aliliendesha hivyo miaka kumi na moja.
"Gari kongwe huliamrishi," akisema. "Unalishauri."

Ametuachia Landkruza ya mwaka themanini na saba,
rangi ya tende kavu, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba.
Mama ana thumuni yake, Sulayyim mafungu mawili, mimi fungu,
ila gari halikatwi mafungu.
Yeye anataka liuzwe; bedui mmoja ameshalipima kwa macho.
Mimi sitaki. Tangu Rajabu hatusemezani
ila kwa kinywa cha Mama.

Nilianza kwa kosa. Nilinunua shokomzoba ya usukani,
riali ishirini na mbili,
na Baz Gul wa sanaiya akacheka hadi akakaa juu ya tairi.
"Hii dawa ya kikohozi," kasema kwa Kiarabu chake cha viraka,
"na mgonjwa wako kateguka mguu.
Tafuta mtu wa pili. Mmoja juu, mmoja chini.
Ugonjwa huu peke yako huuoni."

Ndipo Ijumaa, baada ya sala,
Sulayyim kakaa kwenye kiti cha Baba, injini imezimwa,
nami, mwanamke mtu mzima, mwalimu wa hesabu,
nimelala chali juu ya gunia la chakula cha mbuzi.
"Kulia," nikamwambia.
Neno la kwanza tangu Rajabu.
"Rudi. Kidogo. Kidogo, nimesema!"

Nikaweka kiganja juu ya kila kiungo, nikangoja.
Boksi: fimbo inayoingia na mkono unaotoka
vinakwenda sawia.
Lakini skrubu ya juu imejaa makovu,
imekazwa ikakazwa tena, robo mzunguko kila mwaka:
Baba, akilikaba koo boksi lisilo na kosa.
Beringi, kimya.
Tairodi ya kushoto, kimya.
Halafu pale mkono wa boksi unapokutana na fimbo ndefu:
kak.
"Tena."
Kak.

Mpira umepasuka, grisi imekuwa unga,
mchanga wa Sharqiya umeingia ukafanya makao,
na boli inacheza ndani ya kikombe chake
kama jino la mtoto.

"Nini?"
"Njoo uone."
Akaja na dishdasha yake nyeupe ya Ijumaa, akalala chini.
Akakishika. Akakaa nacho kimya muda mrefu
kuliko kiungo kinavyostahili.

Alasiri akaenda sanaiya mwenyewe,
akarudi na kipya, riali nane. Hakudai nusu.

Pini ilikatika. Nati ilikubali kwa mafuta na matusi.
Kiungo kiling'ang'ania tundu lake,
tukakipiga nyundo mbili kwa pamoja, yeye huku, mimi huku,
mpaka kikaanguka.
Nikakizungusha kukitoa nikihesabu: kumi na tisa na nusu.
Kipya kikaingia kumi na tisa na nusu.
"Hata hili unahesabu?"
"Hili khasa."
Ile skrubu nikailegeza, boksi lipumue.

Magharibi ikatukuta kwenye njia ya Mudhaibi.
Sasa ni saa sita kasorobo mpaka saa sita na robo;
huo ni uzee, hautibiki.
"Linavuta kushoto," kasema.
"Barabara ndiyo inayoinama."
Akaachia mikono, pumzi moja tu. Gari likaenda.

Habari za bedui hakuzitaja, sikumwuliza.
Kiungo kibovu nimekitia ndani ya droo ya dashibodi,
na kila tuta linagonga: kak.
Sulayyim akainamisha kichwa, akasikiliza,
nikamwacha asikilize.